Fundi Kimya Apanda Mlima na Kompyuta

Jina la Fundi Kimya lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Gari lolote likiletwa gereji kwake, hata kama mwenye gari ameshaeleza ugonjwa wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, yeye hunyoosha mkono juu na kupaza sauti: "Kimya!" Hapo mtaa mzima unajua kazi imeanza. Mchomeleaji wa jirani anazima mashine. Muuza matairi anashusha nyundo. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye msaidizi wake wa miaka yote na ana maneno mengi kuliko redio, anaumeza utani wake ukiwa nusu. Fundi anainama juu ya injini, anafumba macho, anatega sikio, na watu wanamtazama kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akiinuka anasema maneno mawili tu. "Beringi, pampu." Au, "Vali, ya tatu." Kisha anajifuta mikono na kwenda zake kunywa chai, wengine wafungue. Na wakifungua, jamani, ni hiyo hiyo beringi!

Sifa ya namna hiyo si mchezo. Watu walitoka mbali, wakazipita gereji zenye vioo na viyoyozi, wakaja kusimama kwenye ua ule ulioloa mafuta machafu kwa ajili ya sikio la mtu mmoja. Yeye mwenyewe alilijua hilo, wala hakujifanya halijui. "Macho yanadanganywa na rangi," alikuwa akisema. "Sikio nani atalidanganya?" Ukimwondolea sikio lake, ungebaki na mzee mwenye magoti mabovu na spana.

Sasa mtu huyu alikuwa na udhaifu wake, na udhaifu huo ulikuwa na milango miwili na rangi ya chungwa. Lilikuwa gari dogo la zamani, lenye umri wa kumpita kifungua mimba wake, na injini yake haikuwa ya pistoni. Ilikuwa injini ya kuzunguka. Badala ya pistoni za kupanda na kushuka, ndani mna vyuma viwili vya pembe tatu, kila kimoja kinazunguka kwenye chumba chake chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kwenye kila pembe kuna kisu chembamba kinachopita kikikwaruza ukuta ili moto usivuje. Visu hivyo ndiyo roho ya injini. Cheche ikija mapema mno, petroli inalipuka kabla ya zamu yake, visu vinapigwa na kuvunjika, na unabaki na vyuma vya kuuza kwa kilo. Fundi alikuwa ameipanua milango ya hewa ya injini hiyo kwa tupa, kwa mkono wake, akaifungia kabureta kubwa ya kutisha, ikawa inaunguruma prap-prap-prap hadi watoto wachanga wa mtaa wa pili wanaamka. Mkewe alisema wazi kwamba angejua anaingia uke wenza na gari, asingekubali posa.

Mwaka uliopita injini ile ilinoki, ikafa kabisa. Ilinokia mlimani, kwenye barabara inayopanda nyuma ya maghala, fundi akiwa kwenye usukani na shemeji amejikunja kiti cha nyuma kama mzigo. Walilivuta gari kwa kamba mpaka gereji. Fundi akafungua, akavikuta visu vimevunjika vipande vipande, akainua uso na kumtazama shemeji.

"Shemeji, ulitia oili kwenye petroli?"

Maana injini hizi, kama hujui, zinataka oili kidogo ichanganywe kwenye petroli yenyewe ili vile visu visisage vikavu, na kazi ya kuchanganya ilikuwa ya shemeji.

"Nilitia, shemeji. Kipimo kile kile."

"Hukutia."

"Nilitia!"

"Basi hukutikisa dumu. Injini haifi hivi hivi."

Likaisha hilo. Kuanzia siku ile shemeji akaitwa Muuaji. Fundi alianza kwa mzaha, na mzaha wa mashemeji, unajua tena, hauna breki. Muuza matairi akaudaka, mchomeleaji akaudaka. "Muuaji, niletee spana!" "Muuaji, usiliguse gari langu!" Shemeji alicheka pamoja nao. Lakini aliacha kugusa petroli ya mtu yeyote, na lile gari la rangi ya chungwa hakulisogelea tena.

Visu vipya vilipopatikana, ndipo binti wa fundi, kitinda mimba, akaja na balaa lake. Huyu binti alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya majenereta, kurekebisha maboksi ya umeme yanayoyaongoza, na kichwa chake kilikuwa kigumu kama cha baba yake.

"Baba, tukiifunga upya, tutoe kabureta. Tufunge kompyuta ya injini."

Fundi aliweka kikombe chini. "Tufunge nini?"

"Kompyuta. Ile unayoipanga mwenyewe. Unaiambia itie petroli kiasi gani na itoe cheche wakati gani, kwa kila mwendo. Ukikosea, unabadilisha kwenye laptopu, hushiki bisibisi."

Mama yangu! Ungedhani ametukana ukoo. Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Kabureta ile alikuwa ameitoboa mwenyewe. Akauliza kama binti anataka kumzika akiwa hai. Mkewe akatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Shemeji, kutoka alikokalia tairi, akasema, "Hajafa mtu. Ila safari hii mniandike kwamba sikuwepo."

Walibishana hadi chai ikapoa, na mwisho fundi akakubali kwa sharti moja. Kompyuta itashika petroli na cheche, sawa. Lakini cheche iwahishwe kiasi gani, hilo halitaamuliwa na laptopu wala na watu wa mtandaoni. Litaamuliwa na sikio lake. Yeye akisema ongeza, binti anaongeza. Akisema basi, basi. Binti akakubali haraka, na fundi akaona ameshinda.

Kazi yenyewe, kusema kweli, ilimpendeza kuliko alivyokiri. Walitoa distribyuta, ile iliyokuwa ikigawa cheche, wakaziba tundu lake. Mbele ya injini, kwenye puli, wakafunga gurudumu dogo la meno na sensa ya kuyahesabu, ili kompyuta ijue zile pembe tatu zimefika wapi. Wakafunga injekta za kupulizia petroli mahali pa kabureta. Binti alitandaza waya sakafuni na kuzifunga moja moja kwa utepe, baba akishika mwisho wake kama anayeshika uzi wa mshonaji. Kila chumba cha injini ile kina plagi mbili, moja inawaka kwanza na ya pili inafuata, na puli nayo ina alama mbili kwa ajili hiyo. Binti alipoipa kompyuta alama ya kuanzia, baba akamulika puli kwa taa ya kupimia cheche, akaruka kama kaumwa.

"Weh! Hiyo ni alama ya plagi ya pili! Umeidanganya!"

Na kweli, binti alikuwa ameshika alama isiyo yake. Kompyuta ni kama mgeni: utakalomwambia kuhusu mtaa ndilo ataliamini. Wangewasha vile, cheche zote zingekuja si kwa zamu zake, na visu vipya vingekwenda na maji. Binti alitahayari. Baba alitembea kifua mbele wiki nzima, akimhadithia kila mteja jinsi alivyoiokoa kompyuta.

Siku ya kuwasha, gari liliitikia ufunguo mara moja tu. Mara moja! Lile gari ambalo miaka yote lilitaka kubembelezwa kwa mguu, kwa dua na kwa matusi. Fundi alibaki mdomo wazi. Aliiweka mikono kichwani, akaishusha, akalizunguka gari, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ebo." Hakuna aliyewahi kumsikia akisifia kitu kwa maneno mengi kuliko hayo.

Kilichobaki ni mlima. Gari likiwa limesimama uani, injini haisemi ukweli. Ukweli unatoka ikibeba mzigo. Kwa hiyo binti alichukua bomba jembamba la shaba, akaliponda ncha, akalikaza kwa bolti kwenye ubavu wa injini, akaunganisha mpira mrefu, akaupitisha kwenye tundu la waya hadi ndani ya gari, akaufunga kwenye kofia za kuziba masikio alizoazima kwa mchomeleaji. Ukizivaa, kelele za nje zinakufa, unasikia tumbo la injini peke yake. Kama inagonga, yaani petroli inalipuka kabla ya zamu yake, utasikia mlio mwembamba, kama kokoto ndani ya kopo. Fundi alicheka mpaka akakohoa. Sikio lake kuvalishwa bomba! Lakini akalivaa, maana ndani ya gari lile kelele za ekzosi zingemziba masikio hata malaika.

Asubuhi ya jaribio walipanda wawili, binti akiendesha, baba amevaa kofia za masikio, laptopu iko mapajani mwake. Mpangilio ulikuwa huu: wanapanda mlima gia ya tatu, mafuta hadi mwisho, baba anasikiliza. Juu wanageuza, wanashuka, chini binti anasimama, anachukua laptopu, anabadilisha. Safari ya kwanza cheche ilikuwa imecheleweshwa kabisa, kwa usalama.

"Safi," akasema baba. "Limelala. Ongeza."

Binti akaongeza. Wakapanda.

"Safi kabisa. Ongeza."

Safari ya tatu gari lilipanda kama limechomwa mwiba. Baba macho kayafumba, kichwa kakiinamisha, uso umejaa raha. "Tamu! Hii ndiyo injini yangu. Ongeza."

Binti alimtazama kidogo. "Baba, una uhakika? Wenye injini kama hii wote wameandika, wakifika hapa husimama."

"Wao wanaandika. Mimi nasikiliza. Ongeza."

Safari ya nne alisema hivyo hivyo. Ndipo binti, kwa uchu tu wa kuisikia hiyo raha inayomfumbisha baba yake macho, akasema, "Niazime hizo kofia safari moja, Baba. Uendeshe wewe. Nami niisikie ikiimba."

Baba alipenda hilo. Ni mzazi gani asingependa? Wakabadilishana viti. Akakanyaga. Hawakufika hata robo ya mlima.

"Zima!" Binti alipiga kelele iliyopasua mpaka ndani ya ekzosi. "Baba, zima! Zima!" Akaunyakua ufunguo mwenyewe na kuuzungusha. Gari likajiburuta kando ya barabara, likasimama.

"Nini? Kuna nini?"

"Inagonga. Inagonga vibaya mno. Kokoto tupu!"

Baba alimtazama kama anayetaniwa na mtu asiyestahili kumtania. "Hakuna kinachogonga. Nimetoka kuisikiliza sasa hivi."

"Labda imeanza sasa hivi," binti akasema. Na aliamini, maskini, alitaka kuamini. Wakashuka kinyumenyume hadi chini, binti akairudisha cheche hatua moja nyuma. Wakapanda, baba akiendesha. Baba hakutazama barabara sana. Alitazama uso wa mwanawe. Ulikunjamana. Wakashuka, hatua ya pili nyuma. Uso ukakunjamana tena. Hatua ya tatu: binti akainua kidole kimoja, halafu kingine, kila mlio ulipopita. Waliporudi pale pale walipoanzia, kabla ya lile "ongeza" la kwanza kabisa, ndipo uso ukanyooka.

Fundi alizima gari mwenyewe, chini ya mlima, kando ya ukuta wa ghala. Alichukua kofia zile kichwani mwa binti akazivaa.

"Gonga bomba," akasema.

Binti akashuka, akainua boneti, akaligonga lile bomba la shaba kwa spana. Baba akasikia, du. Akavuta pumzi. "Nasikia! Si nasikia hiyo?"

"Subiri, Baba."

Alikuja dirishani na funguo za nyumbani, fungu zima. Akaivua ile kofia upande mmoja, akazishika funguo karibu na sikio la baba yake, akazitikisa.

Fundi alizitazama. Aliziona zikicheza, zikigongana, zikirukaruka, chuma kwa chuma, mbele ya macho yake. Hazikutoa sauti. Alidhani binti anazishika zisilie. Akamnyang'anya, akazitikisa mwenyewe kwa nguvu zake zote, mpaka moja ikachomoka ikaanguka. Kimya. Lahaula! Akaivua kofia ya pili, akageuza sikio hilo, akatikisa tena. Kimya kile kile, jamani, kama anatikisa pamba. Mlio mzito wa bomba ulimfikia; mwembamba wa funguo, kama ule wa kokoto, haukumfikia kabisa.

"Zinalia?" akauliza.

"Zinalia, Baba."

"Sana?"

Binti alikubali kwa kichwa. Kisha naye, kwa kuwa siku ilikuwa imeshaharibika, akalitoa lake: "Na kuna jambo. Kila uliposema ongeza, nilikuwa naongeza nusu. Niliogopa. Nisamehe."

Siku nyingine yoyote, kuvunjiwa sharti namna hiyo kungewasha moto wa siku tatu. Sasa alikaa akiitazama laptopu, akifanya hesabu ambayo hata asiyekwenda shule angeifanya. Nusu, na bado kokoto tupu. Angetii, visu vingekuwa vumbi, na yeye mwenyewe, na raha yake usoni, angekuwa anasema ongeza. Mkewe alishamlalamikia mara ngapi kwamba akiitwa kutoka jikoni haitiki, kwamba amemchoka? Na yale magari mawili yaliyorudishwa mwezi uliopita, akasema wateja ndio wametia mafuta mabovu? Halafu likaja lile kubwa kuliko yote, akashika usukani kwa mikono miwili. Injini ya mwaka jana. Kabureta, distribyuta, na cheche aliyoiwahisha mwenyewe, kwa sikio, kabla ya kupanda mlima huu huu.

"Turudi," akasema.

Gereji walikuta mteja anasubiri, mwenye gari la mizigo, ametoka mbali na amechoka. Shemeji alikuwa amekalia tairi lake. Alipoona nyuso zao aliinuka nusu. "Imekufa? Mimi sikugusa petroli, mashahidi wapo!"

Mchomeleaji akaangua kicheko. "Muuaji anajitetea!"

"Shikamoo, fundi," akasema yule mteja. "Nimeambiwa ni wewe tu. Lina mlio, kila gereji wanabahatisha." Akaenda kuliwasha kabla hajajibiwa.

Na watu, kwa mazoea, wakanyamaza wenyewe. Mashine ya kuchomelea ikazimwa, nyundo ikashushwa. Fundi alisogea, akainama juu ya injini, akafumba macho. Binti yake alisimama nyuma yake hajui ashike wapi. Angeweza kutaja chochote, unajua. Beringi, pampu. Wangefungua, wangebadilisha, wangemshukuru. Mwenye sifa hupewa muda. Alikaa pale ameinama muda mrefu kuliko kawaida, hata mteja akaanza kutabasamu kwa heshima.

Akainuka.

"Sisikii kitu," akasema.

Mteja akacheka, akidhani ndio utani wa pale. Mchomeleaji naye akacheka kidogo.

"Sitanii. Masikio yangu yamekufa. Muulize binti yangu, yeye anasikia." Akageuka, akamtafuta shemeji kwa macho. "Na injini yangu ya mwaka jana, shemeji, niliiua mimi. Ilikuwa inagonga nami sikuisikia. Nikakuita muuaji mwaka mzima mbele za watu."

Mkewe alikuwa ametoka mlangoni, mkono mdomoni. Shemeji hakucheka, na hilo peke yake lilitosha kuwashtua watu. Alitazama chini, akafuta kitu kisichokuwepo kwenye suruali yake.

"Najua ilikuwa inagonga," akasema. "Si nilikuwa kiti cha nyuma? Niliisikia tangu chini ya mlima."

Fundi alipepesa macho. "Ulijua? Ukanyamaza? Shemeji, mwaka mzima! Kwa nini hukuniambia pale pale?"

"Nilikuambia, shemeji. Nilikuambia mara tatu. Mara ya tatu nilipiga kelele, nikakushika bega. Ukageuka, ukanitazama, ukatabasamu, ukakanyaga zaidi."

"Nilitabasamu?"

"Ulitabasamu. Halafu tulipofika hapa ukasema ni oili. Sasa ningebishana na nani? Nani angemwamini Muuaji, amkatae Kimya?"

Yule mteja alizima gari lake. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa mbele, ameitazama midomo ya shemeji yake kama mtu anayesoma maandishi madogo, na ilikuwa wazi kwa kila mtu pale uani kwamba maneno ya mwisho yamempita.

"Sogea," akasema. "Sogea karibu, shemeji, urudie."

Shemeji akasogea hadi wakakaribia kugusana, akarudia yote tangu chini ya mlima, kwa sauti kubwa, na mtaa mzima ukasikia.